Mwenye Kiganja Namba Kumi na Nne

"Kiganja namba ngapi?" mwombaji aliuliza, akiwa ameshakunja mikono ya shati.

"Hakuna kiganja," Eliwaza Mkumbo alimjibu. "Utaunga kamba kwa mikono yako mwenyewe."

Yule bwana aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Alikuwa ametoka Manyoni alfajiri, shati limepigwa pasi vizuri, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amefanya kazi za aina saba. Alikuwa mwokaji, akawa fundi viatu, akawa mchomeleaji vyuma. Kila alikoajiriwa alipewa kiganja, glovu nyembamba inayofika kwenye kiwiko, akaivaa, na vidole vyake vikasukumwa kufuata mwendo ulionaswa wa vidole vya fundi ambaye hakuwahi kumwona. Kazi ilipokwisha alivua, na ujuzi ukabaki ndani ya glovu.

"Dada, nisikudanganye," alisema. "Mikono yangu haijui kitu."

"Nashukuru kwa kusema ukweli."

Eliwaza alimmiminia chai, wakazungumza kidogo habari za mvua za Manyoni, kisha akamsindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa mwombaji wa sitini na tatu katika siku tisa. Karakana ya Kindai, pale Singida, ilihitaji waungaji kamba kumi na wawili, na Eliwaza, ambaye kazi yake ilikuwa kuajiri, hakuwa amepata hata mmoja.

Karakana ilikuwa ikitengeneza mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo. Mapanga ya zamani yalisukwa kwa kamba za nyuzi za kiwandani zilizolingana unene kutoka mwanzo hadi mwisho, na kiganja kiliziweza bila shida. Mapanga mapya yalitakiwa yasukwe kwa katani, kwa sababu katani huoza ikizikwa na haiachi taka. Lakini katani huota shambani. Uzi mmoja mnene, mwingine mwembamba, wa tatu una kifundo katikati. Kiganja kilijua kusukuma kidole, hakikujua kugusa. Kilivuta nyuzi zote kwa nguvu ileile, na nyuzi zikakatika. Walikuwa wamejaribu mara arobaini.

"Tukishindwa kupata watu kufikia mwisho wa mwezi, kazi inahamia mji mwingine," meneja wa karakana, Thadeo Ntandu, alikuwa amemwambia. Alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kuwapa watu habari mbaya, na siku ile alikuwa amezunguka ofisi mara mbili kabla ya kulisema hilo.

*

Mwombaji wa sitini na nne aliingia saa nne asubuhi. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, kitenge chake kimefungwa kwa ukakamavu, mkononi ana mfuko uliojaa vipande vya kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Zamda Semkiwa. Nimesoma tangazo lako, nikalisoma tena, nikamwomba jirani anisomee. Mnataka mikono mitupu kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi nipe kamba."

Eliwaza alimpa kamba mbili za majaribio na kumwonyesha meza. Juu ya meza kulikuwa na Kichujio, kisanduku cheusi chenye macho mawili ya kioo. Kila mwajiri nchini alilazimika kuwa nacho. Kilitazama mikono ya mwombaji na kulinganisha mwendo wake na viganja vyote vilivyosajiliwa, maana siku hizi kulikuwa na glovu za magendo nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na watu walizivaa kwa siri.

Bi Zamda alifumua ncha za kamba, akazipanga, akaanza. Eliwaza alisahau kuandika. Hakuwa ameona kitu kama kile tangu aanze kazi. Vidole vya mama yule havikuwa na haraka wala havikusita. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha kidole chake kidogo kikagonga meza mara mbili, halafu mzunguko wa nne. Alipomaliza alimrudishia kamba ikiwa moja, na Eliwaza alipopitisha ukucha juu yake hakuona pa kuunganishia.

Kichujio kikawaka taa nyekundu. Kwenye kioo chake maandishi yalitokea: UDANGANYIFU. KIGANJA NAMBA 14. MLINGANO ASILIMIA 99.

Mwajiri yeyote alijua maana yake. Mtu aliyeandikwa hivyo haajiriwi popote nchini kwa miaka mitatu.

"Mama, samahani. Nyoosha mikono."

Eliwaza alipapasa kuanzia ncha za vidole hadi juu ya viwiko. Alikuta sugu, kovu moja la zamani, na ngozi ya mwanadamu. Hakukuwa na glovu.

"Imesema nimevaa namba kumi na nne," Bi Zamda alisema. Hakuwa ametazama kioo.

"Umejuaje?"

"Hii ni mara ya nne. Niliandikwa Korogwe, nikaandikwa Tanga, nikaandikwa Dodoma. Miaka yangu tisa imeishia humo. Nikasema labda mashine za Singida zina macho mazuri zaidi." Alianza kukusanya vipande vyake vya kamba. Hakuonekana kukasirika, alionekana amechoka tu. "Nasuka kamba za mbuzi nyumbani na kuziuza mnadani. Sifi njaa. Ila kazi yenyewe naipenda, ndiyo maana narudia."

"Kwa nini mikono yako inafanana na namba kumi na nne?"

"Kuna karatasi nilitia saini. Siruhusiwi kusema."

Eliwaza alikitazama kidole kidogo cha Bi Zamda. Kabla hajapanda kuingia ofisini, yeye mwenyewe alikuwa amevaa Kiganja Namba Kumi na Nne kwa miaka miwili, kule chini ukumbini. Alikumbuka jinsi kidole chake kidogo kilivyokuwa kikigonga meza mara mbili baada ya mzunguko wa tatu. Kila aliyevaa namba ile aligonga. Wakufunzi waliwaambia kwamba ni namna ya kuzituliza nyuzi, na wote wakaamini.

"Mama, sikuulizi habari ya karatasi. Naomba uniambie kitu kimoja. Kile kidole cha mwisho kinagonga meza kwa nini?"

Bi Zamda alifikiri kwanza. Halafu uso wake ukafunguka.

"Hilo halimo kwenye karatasi," alisema. "Huyo ni binti yangu, Mwanaidi. Alikuwa na miezi saba. Nilikuwa nimemlaza kwenye kikapu kando ya meza, na wale mabwana wa mitambo wamenizunguka. Akinuna, nagonga meza mara mbili, anacheka. Walinikataza. Nikawaambia mtoto asipocheka hakuna kazi leo."

Eliwaza aliketi. Vidole vya nusu ya mafundi kamba wa nchi nzima vilikuwa vinamchekesha mtoto huyo, na hakuna aliyejua.

*

Sheria ilimpa msimamizi wa ajira haki ya kuandika pingamizi dhidi ya Kichujio, mradi aliwasilishe siku hiyohiyo kabla ya saa kumi na moja jioni na kutaja sababu. Sababu ilisomwa na kila mtu. Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Ikijulikana kwamba kiganja kinamzuia kazi fundi aliyekizaa, kiganja hicho kilisimamishwa kote nchini mpaka Ghala la Viganja, kampuni iliyokimiliki, lipatane naye. Chini ukumbini watu mia moja na arobaini walikuwa wamevaa namba kumi na nne wakati huohuo.

Alimweleza Thadeo yote. Thadeo alisikiliza akiwa amejishika kichwa.

"Eliwaza, nilikutuma utafute watu kumi na wawili. Sikukutuma ufunge karakana."

"Najua, bosi."

"Andika kwamba mashine ina hitilafu." Alilisema kwa sauti ya chini, akitazama dirishani. "Mashine huharibika. Mama atapata kazi, watu wetu watabaki na kazi, hakuna atakayeumia. Nani atakulaumu?"

Eliwaza alikuwa ameliwaza hilo kabla hajaingia kwa Thadeo. Lilikuwa jepesi, na karibu lilikuwa jema. Lakini akihamia kwingine, Bi Zamda angewashiwa tena taa nyekundu, na safari hiyo kungekuwa na saini ya Eliwaza inayosema kwamba hakuna lolote la kuelezwa. Kwa upande mwingine kulikuwa na watu mia moja na arobaini. Aliwajua kwa majina, kwani wengi wao aliwaajiri yeye.

"Siwezi kuamua habari ya huyu mama huku yeye ameketi chumba cha pili anakunywa chai," alisema mwishowe. "Naenda kumuuliza."

Bi Zamda alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari ya haki yake wala ya Ghala.

"Watu mia moja na arobaini?"

"Ndiyo."

"Sijawahi kuwaona hata mmoja. Nipeleke."

Walishuka. Eliwaza alipofungua mlango wa ukumbi, sauti iliwapokea kwanza: vidole vidogo mia moja na arobaini vikigonga mbao, mara mbili mbili, hapa na pale, kama mvua inayoanza juu ya bati. Bi Zamda alisimama kizingitini. Alitazama meza ya kwanza, akatazama ya pili, akatazama mpaka mwisho wa ukumbi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na alipofuta macho Eliwaza hakuweza kujua kama ni kicheko tu.

"Wote wanambembeleza Mwanaidi," alisema. "Na yule yuko Morogoro anasomea kutibu ng'ombe, hana habari."

Watu waliokuwa karibu waliacha kazi wakamtazama. Bi Zamda akajisogeza katikati ya meza.

"Andika ukweli, mwanangu," alimwambia Eliwaza, "ila nipe muda mpaka saa kumi na moja. Wasilisikie hili kwenye mbao za matangazo. Nitawaambia mwenyewe."

Akawaambia. Alisimulia habari ya Korogwe, mitambo iliyonasa mikono yake, kikapu, hata ile karatasi aliyokatazwa kuitaja, kwa maneno machache. Halafu mwanamke mmoja wa meza ya mbele akasimama. Alikuwa Skolastika, mwajiriwa wa miaka minane, mwenye ulimi usioogopa mtu.

"Mama, pole kwa yaliyokupata," alisema. "Lakini wewe utarudishiwa jina lako. Mimi kesho nitavaa nini?"

Swali lile Eliwaza alikuwa amelikimbia toka asubuhi.

Bi Zamda akamsogelea. "Sijui," alisema. "Nisikudanganye kwamba najua. Hebu vua tuone."

"Nivue?"

"Vua. Miaka minane mkono wako umekuwa ukitembea njia moja. Mimi nataka kuona kama umekariri."

Skolastika alitazama wenzake, akaguna, akavua. Mkono wake ulikuwa umepauka kama mguu uliokaa siku nzima ndani ya kiatu. Akashika ncha mbili za kamba, akaanza, na mzunguko wa pili ukafumuka. Mtu mmoja nyuma alicheka. Skolastika akamtazama mpaka akaacha. Akaanza tena, akafika mzunguko wa tatu, ukafumuka.

Bi Zamda alitoa kipande cha katani kwenye mfuko wake, kimejaa vifundo, akamwekea mezani.

"Usiifuate ile glovu. Hapa uzi ni mnene, vuta. Hapa ni mwembamba, uachie kidogo. Ukigusa utajua."

Ilichukua robo saa. Jasho lilimtoka Skolastika puani. Kidole chake kidogo kiligonga meza mara mbili bila kusukumwa na chochote, akakishangaa, akaendelea. Kiungo alichotoa kilikuwa kimepinda, kinene upande mmoja. Thadeo, aliyekuwa ameteremka na kusimama kando, alikichukua mwenyewe na kukifunga kwenye mashine ya kuvutia kamba ili kupima uimara wake. Mshale wa kipimo ukapanda, ukapita alama ya kwanza, ukapita ya pili. Kamba haikukatika.

Hakuna aliyepiga makofi. Skolastika aliketi, akavuta kipande kingine cha katani.

"Tena," alisema.

Hapo wengine nao wakaanza kuvua.

*

Ilipofika saa kumi jioni, viungo kumi na saba vilikuwa vimepita mashine ya kuvutia, na kila kimoja kilikuwa na sura yake. Eliwaza aliwapandisha ofisini wale kumi na saba mmoja mmoja wakafanye jaribio rasmi, na kila mmoja aliwashiwa taa nyekundu. Udanganyifu. Kiganja Namba 14. Skolastika alipoandikwa mdanganyifu huku mikono yake iko wazi mpaka mabegani, alicheka mpaka ikabidi apewe maji.

Siku tisa Eliwaza alikuwa akitangaza kazi Tabora na Babati, na watu aliowatafuta walikuwa wakimpita kwenye ngazi kila asubuhi wakimsalimia.

Aliandika mapingamizi kumi na nane. La Bi Zamda aliliandika la kwanza. *Mwombaji hakuvaa kiganja. Kiganja kimemvaa yeye. Ndiye fundi aliyekizaa.* Katika ya wengine aliandika kwamba wamejifunza, na kwamba mashine haikutengenezwa kumtambua mtu aliyejifunza. Thadeo alisoma yote, akapiga miayo ya wasiwasi, kisha akachukua kalamu na kutia saini pembeni kama shahidi. Yaliwasilishwa saa kumi na dakika hamsini.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, Kiganja Namba Kumi na Nne kilizimika nchi nzima.

Haikuwa rahisi. Kati ya watu mia moja na arobaini, kumi na saba walibaki mezani na Bi Zamda. Wengi wa waliosalia Thadeo aliwatafutia viganja vya kazi nyingine, lakini ishirini na sita walikaa nyumbani wiki sita, na mmoja wao alikutana na Eliwaza sokoni akageuza uso. Eliwaza hakumlaumu. Kila Ijumaa aliwazungukia nyumbani kwao na vipande vya katani kwenye mfuko, akawaachia wajaribu. Wengine walimpokea, wengine walimwambia aviache mlangoni.

Ghala la Viganja lilituma wakili, kisha wakili mwingine mkubwa zaidi, kisha barua ya upole. Wiki ya sita kiganja kilirudi. Jina la Zamda Semkiwa lilikuwa limeandikwa ndani ya kila glovu, karibu na kifundo cha mkono, na kulikuwa na sharti lake moja: kila anayeivaa atafanya kazi saa moja kwa siku bila glovu. Katika Karakana ya Kindai watu thelathini na nane hawakuitaka tena. Yule aliyegeuza uso sokoni alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amejifunzia mlangoni kwake, kwa ukaidi, ili aonyeshe kwamba haiwezekani.

Panga la kwanza la katani lilipandishwa kilimani mwezi wa tatu. Upepo wa Singida haukuwafanya wasubiri. Panga liliyumba, likashika, likaanza kuzunguka, na akina mama wa ukumbini wakapiga vigelegele mpaka wachunga ng'ombe wa bonde la pili wakaja kuuliza nani ameolewa. Bi Zamda alikuwa amesimama na binti yake, msichana mrefu mwenye buti za shambani, ambaye kila mfanyakazi alitaka kumshika mkono. Mwanaidi alisalimia watu mia moja siku ile, na hakuelewa kwa nini wote walimtazama kana kwamba wamemlea.

*

Barua ya mwisho ya Ghala ilifika mwezi uliofuata. Walitaka kunasa ujuzi wa katani, kiganja kipya kabisa, na safari hii kwa masharti yoyote atakayotaka Bi Zamda. Eliwaza alimsomea, na Bi Zamda akamwagiza majibu papo hapo bila kuacha kazi: ujuzi huu hauingii kwenye glovu, lakini wakitaka kuujua, wamtume mtu. Darasa linaanza Jumatatu saa moja asubuhi.

Eliwaza alidhani hawatajibu. Jumatatu saa moja kasorobo alimkuta getini bwana mmoja wa makamo, suti ya kijivu, mkoba wa ngozi, miwani imemtelemka puani. Alijitambulisha kuwa Amosi, mtaalamu mkuu wa unasaji. Alisema atakaa siku mbili, aandike ripoti, aondoke na basi la Jumatano.

Jumatano ilipita. Alhamisi ilipita. Ijumaa mchana Eliwaza alikuwa anapanga fomu zake mlango ukabishwa hodi. Amosi aliingia bila koti, mikono ya shati imekunjwa, vidole viwili vimefungwa plasta, kifuani kumeshikamana nyuzi za katani. Aliketi kwenye kiti cha waombaji.

"Ripoti imekamilika?" Eliwaza alimuuliza.

"Nimeituma jana. Nimewaandikia kwamba haiwezekani." Alipangusa miwani kwa ncha ya shati. "Asubuhi hii kiungo changu kimeshika. Bi Zamda amekivuta mwenyewe. Amesema ni kibaya lakini ni changu."

"Hongera sana."

"Asante." Aliivaa miwani polepole, kama mtu anayetafuta namna ya kuanza jambo aliloliwaza njia nzima. "Dada Eliwaza, mnachukua watu wa umri gani?"

Eliwaza alivuta fomu mpya, akaigeuza upande wa Amosi, akampa kalamu.